Ushuru kwenye Chupa ya Soda
Leo tuitazame soda, ile anayoshushia maandazi mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, akitoka shimoni. Kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku. Akibaki chini ya 25, bora zaidi.

Soda zetu hapa Tanzania hutozwa ushuru wa bidhaa, lakini kwa lita, ziwe na sukari nyingi au kidogo. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, hutoza kwa gramu: sukari inayozidi gramu 4 katika kila mililita 100 inalipiwa. Watengenezaji wengi wakapunguza sukari wenyewe. Nasi tufuate njia hiyo, tena mapema.

Mchimbaji mdogo ataumia? Bei itampandia, ndiyo. Lakini kisukari humaliza mfuko wa familia nzima, na dawa zake ni za maisha. Ninachosisitiza ni hiki: makusanyo ya ushuru huo yapeleke maji safi machimboni, maana mwenye kiu asiye na bomba atanunua soda tu. Na badala ya maandazi na soda, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga bado iko sokoni, haina ushuru huo.