TAA YA MSAFIRI WA USIKU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Ngarambe, Rufiji)



Katibu wetu aliponiomba niseme neno lenye faida kwa makarani na watumishi wa huku mashamba, nilifikiri kwanza kuchagua jambo kubwa, kama elimu au mishahara. Lakini mambo makubwa hayakosi wasemaji. Basi nimechagua jambo dogo, nalo ni tochi ya bei rahisi, na jinsi ya kuifanya taa ya baisikeli. Yamkini baadhi yenu mtacheka. Nawasihi msicheke mpaka nimalize.

Ngarambe yetu watu wa mbali huijua kwa habari za Kinjikitile Ngwale na maji yake, ambayo watu waliyafuata kutoka kila upande katika mwaka 1904 na 1905. Sisi tukaao hapa twaijua pia kwa njia zake: mchanga penye mchanga, udongo mweusi penye bonde, na pori la wanyama ubavuni. Pori hilo lilikuwa sehemu ya Selous, na tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtumishi aliyekwenda kijiji cha pili kwa kazi, mkutano ukachelewa, hurudi usiku. Baisikeli amepewa, lakini taa hakupewa.

Sababu ya kusema haya ni kosa langu mwenyewe, na afadhali mlisikie kwangu. Usiku mmoja wa masika nilikuwa nikirudi nyumbani, yapata saa mbili, wala mwezi haujatoka. Njia naijua kama kiganja changu, basi nikakanyaga pedeli bila hofu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, amevaa kaniki, anatoka kumwuguza binti yake. Hakunisikia, nami sikumwona. Niliposikia sauti yake tulikuwa sote chini, na mkono wake umevunjika. Nilipomwinua aliniuliza, "Mwanangu, kwani huna taa?" Nilishindwa kumjibu, maana tochi nilikuwa nayo. Ilikuwa mfukoni mwa koti langu, nzima, na betri zake ndani. Nilikuwa nikizibania betri zisiishe.

Ndugu zangu, mkono ule uliungwa, lakini haukurudi kama ulivyokuwa, na yeye ni mkulima. Tangu siku hiyo nimeona kuwa taa si pambo la baisikeli, bali ni haki ya mtu mwingine aliye njiani.

Sasa nieleze hesabu yake. Mtu aendaye kilomita 15 kwa saa, nao si mwendo mkali, hupita zaidi ya mita 4 kwa kila nukta moja ya saa. Tangu jicho lione mpaka mkono ukaze breki hupita nukta moja au zaidi. Kwa hiyo umekwisha kwenda mita 4 au 6 kabla breki haijaanza kazi, na juu ya mchanga baisikeli hutaka mita nyingine kadhaa ndipo isimame. Basi mwanga usiofika mita 10 mbele hukuonyesha tu kitu ambacho utakigonga. Hiyo ndiyo sababu tochi iliyofungwa ovyo, ikamulika gurudumu la mbele, haimfai mpandaji, ingawa humfaa kidogo yule anayekutana naye.

Wengine watasema, "Mbona wazee wetu walipita gizani bila tochi?" Ni kweli, lakini walipita kwa miguu, na mwendo wa miguu humpa mtu nafasi ya kusimama. Tena jicho la mwanadamu hutaka karibu nusu saa kuzoea giza barabara. Ukitoka katika nyumba yenye taa ukapanda baisikeli mara moja, dakika zako za kwanza u nusu kipofu.

Ikiwa mtu adhani giza la njiani ni neno dogo, na akumbuke mambo ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tangu mwaka 1939 taa za barabarani zilizimwa, na taa za magari na za baisikeli zikafunikwa, ili ndege za adui zisione miji. Magari yalipungua kwa ajili ya uhaba wa mafuta, lakini vifo vya barabarani vilizidi. Mwaka 1938 walikufa watu wapatao 6,600, na mwaka 1941 walikufa zaidi ya 9,000. Adui hakuwapiga hao kwa bomu. Giza lilikuwa sababu kubwa ya kuzidi kwa vifo hivyo.

Kuna na habari ya kwetu, nayo ni chungu. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004 simba waliua watu wapatao 35 katika vijiji vya Rufiji. Simba mmoja aliyeuawa mwishoni alikutwa na ugonjwa mkubwa wa jino. Baadaye wataalamu walichunguza habari za mashambulio ya simba katika Tanzania kwa miaka mingi, wakatangaza matokeo yao mwaka 2011. Waliona kuwa watu hushambuliwa zaidi katika saa za kwanza za usiku, na zaidi katika siku kumi zifuatazo mwezi mpevu. Sababu yake kila mtu wa pwani ataielewa: baada ya mwezi kumi na nne, mwezi huchelewa kutoka kila siku, na giza huwa nene saa zile zile ambazo watu wangali njiani. Basi mwenye safari ya jioni kuanzia tarehe 16 ya mwezi mwandamo na asahau kila kitu, asisahau taa.

Lakini nisieleweke vibaya. Tochi si silaha. Haimfukuzi simba, wala haimgeuzi tembo. Faida yake ni kuwa macho ya mnyama hung'aa yanapopigwa na mwanga, ukapata kumwona kabla hujamfikia. Ukiona macho yanang'aa mbele, simama, kisha rudi ulikotoka.

Sasa nije kwenye chombo chenyewe. Mtu mmoja mjini New York, David Misell, alipewa hati ya uvumbuzi wa tochi tarehe 10 Januari 1899. Tochi za kwanza ziliweza kumweka tu, kwa kuwa betri zilikuwa dhaifu. Hata zilipopata nguvu, balbu zilikuwa na uzi mwembamba ndani, na uzi huo haupatani na mitikisiko ya njia zetu. Siku hizi tochi za madukani zina vitaa vya LED, visivyo na uzi, tena vinakula betri kidogo. Hayo yalipata njia baada ya mabwana Akasaki, Amano na Nakamura, wazaliwa wa Japani, kupata mwanga wa buluu kutokana na vitaa hivyo, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa hiyo tochi ya bei rahisi ya leo inafaa kwa baisikeli kuliko tochi ya thamani ya zamani.

Jinsi ya kuifunga ni hii. Usiishike mkononi, maana aliyeshika tochi kwa mkono mmoja amejinyima breki moja. Usiiume kwa meno; ukianguka itakuingia kooni. Chukua mpira wa ndani wa baisikeli uliochakaa, ukate ukanda wa upana wa vidole viwili na urefu wa mkono. Kwanza zungusha kipande cha mpira juu ya usukani kiwe kitanda, ili tochi isiteleze. Kisha laza tochi juu yake ikitazama mbele, uikaze kwa ukanda ukipita msalaba, huku na huku, ukiuvuta sana. Ukimaliza, inua gurudumu la mbele uliangushe chini mara tatu. Ikiwa tochi imegeuka, fungua ufunge upya.

Wengine hupenda taa ya kuvaa kichwani. Ni nzuri kwa kuziba pancha, lakini njiani ina hila mbili. Ya kwanza, humpiga machoni kila unayemtazama. Ya pili, taa ikiwa karibu na jicho, kivuli cha shimo hujificha nyuma ya ukingo wake, na njia yote huonekana sawa. Taa iliyo chini kuliko jicho hulaza vivuli virefu, ndipo shimo na mzizi hujitambulisha. Kwa sababu hiyo wako wanaoifunga kwenye uma wa mbele, nami siwapingi, mradi isiguse njiti za gurudumu.

Kuielekeza ni kazi ya dakika moja. Simamisha baisikeli hatua sita kutoka ukutani, uwashe. Katikati ya mwanga pawe nusu ya kimo cha taa yenyewe. Hapo mwanga utaanguka njiani hatua kumi na mbili mbele yako, na hautampofusha anayekuja.

Juu ya betri nina maneno manne. Usichanganye nzee na mpya. Zikicheza ndani ya tochi, zizungushie karatasi ubavuni zikaze, na uivute springi kidogo, maana mara nyingi tochi izimikayo njiani haikuishiwa, ila imetikisika. Wakati wa masika ifunike kwa mfuko wa nailoni, ukiacha wazi kioo cha mbele. Na isipokuwa na kazi kwa siku nyingi, zitoe, zisije zikavuja zikala chuma.

Tusisahau na nyuma. Atumiaye barabara kuu ya Kibiti na Lindi, ambayo magari yamekuwa mengi tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, aogope zaidi kinachomjia kwa nyuma. Kioo chekundu kiakisicho mwanga hakili betri. Kifute vumbi kila jioni. Asiye nacho na apake madigadi yake ya nyuma rangi nyeupe.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Wako wenzetu ambao tochi na betri kwao si neno dogo, hasa mishahara inapochelewa. Naomba chama kinunue tochi tatu, ziwekwe pamoja na betri zake na kanda za mpira katika sanduku moja kwa Katibu. Kila mwenye safari ya usiku, akiwa mwanachama au mwanakijiji aliyetumwa kumwita mkunga, aazime mojawapo, aandikwe katika daftari, airudishe asubuhi. Ya kwanza nimekuja nayo leo, i hapa mezani. Ni ile iliyokuwa mfukoni mwangu usiku ule, nami sitaki ilale tena mfukoni.

Yule mama ninapita kwake kila juma, na palizi ya shamba lake nimeichukua mimi. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini nikiaga jioni hunisindikiza mpaka mlangoni, husimama akingoja, wala haingii ndani mpaka aone nimewasha.