Mama mzee tuliyemwambia aende kupumzika

Maneno tuliyosema mbele ya wanafunzi, Goma, tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee



Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Mwezi uliopita tulifanya salongo ya kuzibua mfereji kwenye avenyi moja ya hapa mjini. Mama mmoja wa miaka kama 70 akakuja na jembe lake. Tukamwambia: "Mama, wende upumzike, hii ni kazi ya vijana." Tulisema kwa kicheko, tukafikiri ni heshima. Akarudi kwake. Kisha saa mbili, nusu yetu tulikuwa tumekaa juu ya mawe ya volkano, mikono imejaa malengelenge, wengine wanajipiga picha na beleshi. Mama alikuwa anatuangalia kutoka mlangoni.

Siku ya yenga tulienda kumuomba msamaha. Akatuuliza: "Munanipumzisha juu munaniheshimu, ao juu munaniona nimeshakufa?"

Hatukupata jibu. Njo maana tuko hapa leo.

Tuseme ukweli, sisi tuliosoma njo wa kwanza kucheka. Profesa akipanda ngazi pole pole, kuna mtu nyuma anamuigiza. Asubui ya yenga, vikundi vikipita vinakimbia na kuimba, akitokea baba mwenye mvi na viatu vya mazoezi, tunapiga kelele: "Mzee, angalia roho!" Kisha tunaweka video kwenye statusi. Huyo mzee yenga ijayo hatoki tena. Tunasema amechoka. Hapana, ni sisi tulimfukuza barabarani.

Jambo hili lina jina: ubaguzi wa umri. Robert Butler, daktari wa Marekani, alilitaja mwaka 1969. Mwaka 2021 OMS ilisema kama mtu 1 kati ya 2 duniani ana mawazo ya namna hiyo. Na mawazo hayo yanaua. Becca Levy na wenzake walifuata watu wa miaka 50 na zaidi katika mji mmoja wa Ohio; mwaka 2002 wakaandika kama wale waliouona uzee wao kwa uzuri waliishi, kwa wastani, miaka 7.5 zaidi ya wale waliouona vibaya. Sasa fikiri: ile picha ya mzee asiyefaa kitu tunaijenga tukiwa na miaka 20. Siku moja tutaivaa sisi.

Na mwili? OMS inaomba mtu mzima atembee ao afanye mazoezi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kwa juma. Aliye na miaka 65 na zaidi anaombwa vilevile, tena na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 kwa juma, ili asianguke. Hakuna mahali waliandika: kisha 65, kaa kwenye kiti. Sisi je? Tuna diploma, hatuna kazi, tunashinda kitandani na simu, na kufika tu kwenye rond-point tunapanda moto.

Mukumbuke tarehe 27 Mei 2021. Nyiragongo ilikuwa imetapika siku tano mbele, ardhi inatetemeka, gavana wa kijeshi akatangaza kama kartie 10 kati ya 18 za Goma ziondoke. Watu wengi walitembea kwa miguu hadi Sake, zaidi ya kilometa 20. Nani kati yetu hakuona bakoko kwenye ile njia, godoro kichwani, mjukuu mkononi? Siku ile hakuna aliyewaambia wapumzike.

Lakini tusidanganyane kwa upande mwingine. Kuna mama wa miaka 65 anayebeba gunia la makala kila siku juu hana namna nyingine, na baba aliyefanyia serikali kazi miaka 35 na bado anasukuma chukudu juu pansio ni maneno matupu. Ule si mchezo wa afya, ni mwili unamalizika. Kumsifu "mzee wa chuma" ni kumtukana mara ya pili. Yeye tunamdaia pansio yake. Yule anayetaka kukimbia, tumwachie njia. Na yule wa jembe tumwachie jembe. Kila mmoja aulizwe anataka nini; sisi hatukumuuliza mama.

Tulirudi kwake juma lililopita, tukamuuliza. Alisema kukimbia hapana, magoti yanamuuma, lakini kutembea atatembea, na mfereji bado haujaisha. Kwa hiyo yenga hii tunaanza saa kumi na mbili asubui, mbele ya mlango wake, kwa mwendo wake yeye. Mwenye kuwa na koko nyumbani amuulize kama anapenda kuja. Simu za video zibakie mfukoni. Na mabeleshi mulete, juu yale ya mara ya kwanza mawili hayakurudishwa, na mwenye nayo anajijua.