Usingizi Si Uvivu

(Mazungumzo mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponitaka nizungumze juu ya afya, nadhani alitaraji habari za malaria au usafi wa vyoo. Nitazungumza juu ya usingizi. Natumaini hakuna atakayeupata kabla sijamaliza.

Shule hii imetulea katika imani kwamba mwanafunzi hodari ni yule anayekesha. Sisi wa zamani tunakumbuka koroboi chini ya kitanda, na karai la maji baridi ambamo mtu alitumbukiza miguu ili asisinzie huku kitabu kiko mapajani. Nimeambiwa koroboi imeondoka, lakini karai bado lipo. Taa za bweni huzimwa saa 4:30 usiku na kengele hulia saa 10:30 alfajiri. Huo ni muda wa saa sita, ikiwa kunguni wameridhia. Mtahiniwa wa Kidato cha Nne anayerudi darasani kwa siri hadi saa nane za usiku hubakiwa na saa mbili na nusu.

Wako watakaosema saa sita zatosha. Mwaka 2003 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Watu wazima 48 wenye afya njema waligawanywa mafungu. Wengine waliruhusiwa kulala saa nane kila usiku, wengine sita, wengine nne, kwa majuma mawili mfululizo. Fungu jingine lilikeshа siku tatu. Wote walipimwa wepesi wa kuitikia ishara, kumbukumbu na hesabu. Wale wa saa sita na wa saa nne walizidi kudorora siku hadi siku, hata mwishowe upungufu wao ukalingana na wa mtu aliyekesha usiku mmoja, au hata miwili, bila kufumba jicho.

Lakini lililonishtua mimi ni jingine. Walipoulizwa wanajionaje, walijibu kwamba wana usingizi kidogo tu. Walidhani wameshazoea, na kumbe vipimo vinaendelea kushuka. Akili iliyochoka ndiyo iliyopewa kazi ya kupima uchovu wake yenyewe! Kwa hiyo kijana akiniambia, "Mzee, mimi saa tano zinanitosha," simbishii sana. Namwambia tu kwamba yeye si shahidi wa kutegemewa katika shauri hilo.

Wadogo zetu, mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza kwamba mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi kumi kila siku. Tena kubalehe huisogeza mbele saa ya mwili, ndiyo maana kijana huwa macho makavu usiku na alfajiri huwa kama gogo. Hayo ni maumbile, wala si utundu. Na mliyosoma mchana, ubongo huyapanga na kuyaimarisha mnapolala. Anayekesha kuamkia mtihani anavuna mahindi asiyoyatia ghalani.

Wazee wenzangu, nasi tusicheke. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wanaume 11 wenye afya kwa saa nne tu kila usiku, siku sita. Miili yao ikaanza kushindwa kuitawala sukari ya damu kama ilivyozoea. Mwaka 2015 ikatolewa taarifa nyingine: watu 164 walitiwa virusi vya mafua puani, na waliokuwa wakilala chini ya saa sita waliugua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Na yupo mwenzetu anayelala saa nane na bado anaamka amechoka, anasinzia kwenye usukani. Huyo amuulize mkewe. Kama anakoroma, kisha pumzi inakatika, kisha anashtuka kama aliyeibuka majini, aende hospitali apimwe. Ugonjwa huo hupandisha shinikizo la damu, nao una tiba. Kucheka mkoromaji ni desturi yetu, lakini mimi katika kazi yangu ya utabibu nimeacha kucheka.

Ndugu Mkuu wa Shule, nina ombi. Taa zizimwe saa 3:30 na kengele ilie saa 11:30, na usafi wa mazingira uhamishiwe jioni. Najua wazazi watasema tunawapotezea watoto saa za kusoma, na najua jina la shule liko katika matokeo ya mtihani. Basi tujaribu muhula mmoja kwa Kidato cha Pili pekee, walimu waandike wanaosinzia darasani kabla na baada, kisha mabuku yaletwe mbele ya Kamati.

Kuhusu kunguni, ratiba peke yake haitawafukuza. Mabweni yanahitaji kupigwa dawa na magodoro ya zamani kuondolewa. Mweka Hazina ameketi pale na daftari lake. Mimi aniandikie magodoro mawili.