Kuishi kwa Nusu ya Mshahara
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama, Laare)



Tumetakiwa, sisi makarani wachache wa chama hiki, tueleze kwa nini twaishi kama tuishivyo. Yasemwa hapa Laare kwamba tu mabahili. Wengine wasema tumeingia dini mpya, kwa kuwa twaenda kazini kwa miguu, twakaa katika chumba kimoja kimoja, na arusi zetu huisha kabla jua halijatua. Jambo lenyewe ni dogo. Tumepatana kutumia nusu ya mshahara na kuiweka nusu ya pili, hata ifike siku mtu aweze kuacha kiti cha ofisi kwa hiari yake, si kwa kufukuzwa wala kwa uzee.

Wazo hili halikuzaliwa Nyambene. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja mshauri wa mambo ya fedha, William Bengen, alipiga hesabu akaona kwamba mtu aliyestaafu akitumia sehemu 4 katika 100 za mali yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kwa kadiri bei zinavyopanda, mali ile yaweza kumtosha miaka 30. Kutokana na hesabu hiyo watu husema: chukua matumizi yako ya mwaka, zidisha kwa 25. Mwenye kutumia shilingi 20,000 kwa mwezi hutumia 240,000 kwa mwaka. Basi ahitaji 6,000,000. Tulipoziandika tarakimu hizo, mmoja wetu alicheka hata akatoka nje. Tena Bengen alitazama hisa za makampuni na hati za serikali ya Marekani, si shilingi yetu, naye alimfikiria mstaafu, si karani wa miaka 35. Kwa hiyo kwetu hesabu hiyo si sheria, ni kipimo tu. Yatuonyesha kwamba kila shilingi 100 tunayopunguza katika matumizi ya mwezi huondoa 30,000 katika mlima ule.

Mtauliza: ya nini taabu hii katika nchi ya miraa, ambako fedha huja mara kwa mara mwaka mzima? Ni kweli, miraa haingoji msimu kama kahawa. Iliyopata maji huchumwa hata wakati wa kiangazi, na ile miti ya kale iitwayo mbaine imerithiwa kizazi baada ya kizazi. Lakini miraa ikikaa siku mbili tatu hupoteza nguvu. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya migomba, na magari yake hukimbia kama yanayofukuzwa. Mkulima hawezi kuiweka ghalani angoje bei. Uholanzi waliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza mwezi wa Juni 2014. Somalia ikafunga mlango tangu Machi 2020 hata Julai 2022. Sheria ya mwaka 2016, iliyoitambua miraa kuwa zao, ilikuwa heshima njema, ila sheria ya Nairobi haifungui soko la Mogadishu.

Ni katika nyakati kama hizo mtu hukodisha miti yake. Karo ya shule imefika, akiba hakuna, mfanyi biashara ana fedha mkononi. Basi miti hutolewa kwa muda mrefu kwa bei ya mwenye haraka. Huchuma mwingine, na mwenye shamba hupita kando ya miti ya babu yake kama mgeni. Mwenye akiba ya miezi sita huweza kumwambia yule mnunuzi arudi wiki ijayo. Neno hilo moja ndilo tunalolitafuta. Zile milioni sita ni habari ya mbali.

Lililo gumu zaidi ni jamaa. Mtu wa hapa hawezi kujifungia na daftari lake. Tumeonelea fungu la jamaa litolewe kwanza, katika ile nusu ya matumizi, nalo likiisha limekwisha hata mwezi ujao. Maradhi na mazishi hayamo katika kanuni hiyo. Hapo hata akiba huguswa. Wazee wengine hawakupendezwa, nao wana haki, kwani walisomesha watoto wa ndugu zao pasipo kuandika popote. Wala hatusemi kila mtu atufuate. Kibarua mwenye watoto watano hana nusu ya kuweka, na kumhubiria akiba ni kumdhihaki.

Mmoja wetu ameacha ofisi mwaka huu. Hakufikia milioni sita. Ana akiba ya miaka miwili, na ekari moja ya viazi vikuu na mahindi. Mama yake bado huwaambia majirani kwamba yuko likizo. Daftari letu liko kwa mwandishi wa chama, na kila mwanachama aweza kulitazama siku ya Jumamosi baada ya saa nane, isipokuwa kurasa za jamaa.