Tabia ya kiongozi: tuangalie nini, tuache nini



Kila mara tukiongea juu ya uchaguzi, hii maulizo inarudi: tabia ya mukubwa inatuhusu nini? Wamoja wanasema: "Mimi sitafutie dada yangu bwana. Natafuta mutu wa kutengeneza barabara." Wengine wanajibu: mutu mubaya hawezi kuongoza vizuri, basi. Kila upande uko na kitu cha kweli, lakini tuchambue pole pole.

Tuanze na historia yetu. Mbele ya kuwa waziri mukuu, Patrice Lumumba alitumika mu posta kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1956 alikamatwa juu ya makuta ya posta, akahukumiwa, akafungwa. Wengi hawapendi kusikia hii. Lakini kama tungesema mutu mwenye doa asiguse siasa, tarehe 30 Juni 1960 hangesimama mbele ya mufalme Baudouin kusema kweli juu ya mateso ya ukoloni. Kosa yake ilijulikana, na kifungo alikitumikia. Kosa ya namna ile haimalize mutu.

Sasa muangalie Mobutu. Tarehe 24 Novemba 1965 alikamata utawala, akaahidi miaka mitano tu. Alitoka Mei 1997. Kule Gbadolite alijenga majumba na kiwanja cha ndege chenye Concorde ilitua, wakati walimu wa inchi walikuwa wanalala njaa. Kupenda vitu vizuri si zambi. Zambi ilianza pale sanduku ya serikali iligeuka mufuko wake.

Basi tabia inatuhusu. Lakini si tabia yote. Mutu anacheza rumba, anasali wapi, aliachana na muke, ni wa kabila gani: tuache. Ile tusiache ni vitu vitatu.

Ya kwanza, neno yake. Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema raisi ni miaka mitano, inarudiwa mara moja. Manda ya pili ya Joseph Kabila iliisha tarehe 19 Desemba 2016. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Katikati pale, vijana walikufa mu barabara. Kiongozi asiyeshika neno, si yeye analipa, ni mutoto wa mutu.

Ya pili, makuta. Kifungu cha 99 kinaomba raisi na mawaziri waandike mali ya familia yao, mbele ya kuingia na wakati wa kutoka, wapeleke kwa Korti ya Katiba. Asiyefanya ile mu siku 30 anahesabiwa kama ameacha kazi. Sisi tunaomba zaidi: ile karatasi itangazwe, kila mwananchi aisome.

Ya tatu, nguvu. Anafanya nini na mutu asiyeweza kumurudishia? Mulinzi wake, mutumishi wa nyumba, muke wake? Kupiga muke, watu wanasema "ni mambo ya nyumbani". Hapana! Ni kosa, popote inafanyika. Tena mutu anayezoea kupiga nyumbani bila kuulizwa, tukimupatia polisi na jeshi, nani atamuuliza?

Lakini tujihazari pia na upande ingine. Tusimupende mutu juu anasali sana, anaongea pole, hakunywa pombe, kisha tukalala. Hata mutu muzuri, ukimuacha peke yake na sanduku wazi miaka kumi, utamupoteza. Tabia nzuri haikamate nafasi ya sheria, ya korti, na ya wananchi wenye kusimama.

Na sisi wenyewe? Ukikamata mupira wa kuvaa, kikwembe na chupa mbili za bia, kisha ukapigia mutu kura, utamuuliza tabia na mudomo gani?

Tunaomba kila mumoja wenu kitu kidogo. Mukandidati akifika mu kartie yako, mbele ya nyimbo, umuulize: ulituahidi nini na ulifanya nini? Uko na mali gani leo? Watu waliotumika kwako walilipwa? Asipojibu, ile nayo ni jibu.

Inchi ni yetu. Tuichunge.