Barua Itangulie, Mchango Ufuate
Hotuba ya Halmashauri ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twamshukuru Mungu aliyetukutanisha tena, na twawashukuru ninyi nyote mliotoa michango ya elimu pasipo kuchoka. Hesabu ya fedha hizo mtaisoma katika taarifa ya Mweka Hazina. Sisi tumeombwa kusema juu ya jambo lisiloonekana katika hesabu, nalo ni namna ya kuwasaidia vijana wetu wa shule za sekondari hata wapate kuingia chuo kikuu.

Wengi wetu tumesimuliwa habari za mwaka 1959, wanafunzi 81 wa Kenya walipopanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenziwe. Siku zile watu waliandaa karamu za chai na ngoma ili kuwachangia fedha. Lakini tusisahau kwamba vijana wale walikuwa wamekwisha kuviandikia vyuo, na vyuo vimekwisha kuwajibu. Barua ilitangulia, mchango ukafuata. Sisi siku hizi twatanguliza mchango, na barua twaiacha ijiandike yenyewe.

Hatukuja kumlaumu mtu. Twaanza kwa kujilaumu sisi wenyewe. Yuko binti mmoja wa kwetu, ambaye jina lake hatulitaji, aliyepata B katika mtihani wa Kidato cha Nne. Tulipika, tukaimba, tukamnunulia sanduku na blanketi. Tena kwa mapenzi tulimwambia, “Binti yetu, usituletee jambo jingine ila udaktari.” Naye kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, aliomba udaktari katika chuo hiki, na chuo kile, na kile cha tatu, mpaka nafasi zote za kuchagua zikaisha. Majina yalipotoka, lake halikuwamo. Nafasi ya kuomba tena ilipofunguliwa, hakupata habari, kwa sababu namba ya simu aliyoandikisha ilikuwa ya mjomba wake, na mjomba alikuwa ameibadili. Sanduku lile lilikaa uvunguni mwa kitanda mwaka mzima. Baadaye aliomba tena akapata nafasi ya ualimu, na leo anasoma kwa bidii. Lakini mwaka wa ujana haurudishwi na mtu.

Kwa hiyo yatupasa sote tujue kazi hii inavyokwenda. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, wanafunzi hupangiwa nafasi na shirika la Serikali liitwalo KUCCPS. Anayetaka shahada sharti awe na C+ au zaidi, stashahada, C-, cheti cha ufundi, D. Lakini C+ ni ruhusa ya kubisha hodi tu, si ahadi ya kufunguliwa. Kila kozi hutazama masomo manne yanayoihusu, na alama za masomo hayo huhesabiwa pamoja na alama za mtihani wote, hata zipatikane pointi ambazo upeo wake ni 48. Ndiyo sababu watoto wawili wenye B moja huomba kozi moja, mmoja akachukuliwa na mwingine akaachwa. Tena pointi za mwisho zilizokubaliwa mwaka uliotangulia huonyeshwa katika tovuti ya shirika hilo. Laiti tungalizisoma pamoja na binti yetu, tungalijua mapema kwamba mto ule ni mpana kuliko hatua yake.

Na masomo hayo hayachaguliwi siku ya matokeo. Kijana wa 8-4-4 aliyeacha Fizikia alipoingia Kidato cha Tatu amekwisha kujifungia mlango wa uhandisi, hata kama hakuna aliyemwambia. Wanafunzi wa mwisho wa utaratibu huo wanatazamiwa kufanya mtihani mwaka 2027. Wadogo zao walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 huchagua njia yao mapema zaidi: sayansi na ufundi, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mashauri yetu yakija baada ya matokeo, samaki amekwisha kukauka.

Jambo jingine ni karatasi. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa na lile la mtihani yasipolingana, kijana husimamishwa mlangoni. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, nacho chaweza kukawia. Tena tangu mwaka 2023, kupangiwa chuo si kupewa fedha. Mwanafunzi huomba mwenyewe msaada na mkopo wa Serikali, akieleza hali ya nyumba yao, na kuonyesha vitambulisho vya wazazi, au cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki. Yatima asiyekuwa na cheti hicho hujikuta akiombwa ushahidi wa msiba ambao kijiji kizima kiliuzika.

Basi twauomba mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, kila tawi lichague watu wawili, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja aliye chuoni sasa, wawe washauri wa vijana wetu. Pili, kila likizo ya Desemba karatasi za watoto wa sekondari zikaguliwe, ili kasoro irekebishwe kungali mapema. Tatu, mtoto aketi na washauri kabla ya kuomba, aandike kozi moja ya juu anayoitamani, nyingine zinazolingana na pointi zake, na moja ambayo hawezi kuikosa. Tena aandikishe simu anayoishika mwenyewe, au ya mtu anayelala naye nyumba moja. Nne, sehemu ya fedha za karamu za kuwaaga wanafunzi itengwe kwa nauli ya kufuatia vyeti na malipo ya saiba.

Nasi wazee tuna neno letu la kujiambia. Tumshauri mtoto, lakini tusimchagulie kozi kwa ajili ya sifa zetu. Na aliyepata C- asifichwe nyuma ya nyumba kana kwamba ameleta aibu. Stashahada ni ngazi, na wengi wamepanda kwayo mpaka shahada. Fundi wa umeme anayejua kazi yake ana heshima, na nyumba zetu zamhitaji.

Ndugu wanachama, hatusemi mwache kuchanga. Twasema mkono uanze kunyoshwa mapema, mtoto angali akichagua masomo, si siku anapofunga sanduku. Fedha za chama ni chache, lakini kusoma tarehe, kulinganisha majina na kumsikiliza mtoto ni kazi isiyotaka fedha nyingi. Mwaka ujao, Mungu akipenda, twataka kuwasomea majina ya waliofika chuoni, wala tusiwe na sanduku la kuwasimulia.