Kibodi Moja, Lugha Mbili: Kuandika Kirusi na Kiingereza kwa Usalama



Tangu kilipoanzishwa mwaka 1960 kile chuo kikuu cha Moscow ambacho baadaye kilipewa jina la Patrice Lumumba, vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda huko kusoma. Leo, anayejiandaa kwa safari hiyo huhitaji kompyuta inayoandika Kirusi pamoja na Kiingereza. Nasaha yetu ya kwanza ni hii: msilipie kile mlicho nacho tayari.

Windows na macOS huja na kibodi ya Kirusi ndani yake. Kwenye Windows, fungueni Mipangilio, mwingie sehemu ya saa na lugha, kisha mwongeze Kirusi. Kwenye macOS, fungueni mipangilio ya mfumo, mwende sehemu ya kibodi, mwongeze Kirusi hapo. Kiingereza kitabaki palepale. Ili kuhama lugha, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi. Kwenye macOS, Control pamoja na nafasi. Ikiwa vitufe havina herufi za Kirusi, vibandiko vya herufi vyatosha.

Jihadharini na programu za kibodi zitokazo kwa msiowajua. Programu ya namna hiyo yaweza kunakili kila mnachoandika, nywila zikiwamo.

Nasaha ya pili ni nzito zaidi. Kirusi kina herufi 33, na baadhi yake, kama а, е, о na с, hufanana kwa macho na herufi za Kilatini tunazozitumia. Kwa kompyuta, hata hivyo, hizo ni herufi tofauti kabisa. Hivyo, nywila ya Kiingereza ikiandikwa kibodi ikiwa katika Kirusi, itakataliwa. Na majaribio mengi yaweza kufunga akaunti. Vilevile, tapeli aweza kuchomeka herufi moja ya Kirusi katika anwani ya tovuti, ikaonekana kama ya benki au chuo chenu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika nywila, tazameni alama ya lugha: kwenye Windows huwa karibu na saa, kwenye macOS huwa juu ya skrini. Kiungo kikiletwa na ujumbe msioutarajia, msikibonyeze. Andikeni anwani wenyewe, kibodi ikiwa katika Kiingereza. Macho hudanganyika, lakini anwani mliyoiandika kwa mikono yenu mnaijua.